Liwa haina kosa, tatizo ni ndimu

Ukimuuliza daktari wa ngozi kuhusu kupaka vitu vya jikoni usoni, mara nyingi jibu ni moja tu, acheni, na kwa nyuso anazoletewa kliniki mi namwelewa. Ila hapo liwa na ndimu zinatiwa kapu moja, na hazifanani hata kidogo.

Liwa, ule mti wa kunukia, inasagwa kwenye jiwe, inatiwa marashi ya mawaridi, unapaka, ikikauka unanawa, basi. Haikai kwenye kopo bafuni wiki mbili. Hapo ndo bibi zetu walipotushinda akili, maana kitu cha nyumbani hakina dawa ya kukihifadhi, kiache siku tatu kwenye joto la Dar bakteria na ukungu washahamia, lakini kikisagwa asubuhi na kunawiwa asubuhi hiyohiyo watahamia saa ngapi? Asali nayo sio ushirikina, kuna asali iliyosafishwa maalum inayotumika hospitali kwenye vidonda. Manjano yapo wanaowashwa nayo, wengine wataharibu foronya tu.

Sasa ndimu. Hii siitetei. pH yake, yaani kipimo cha asidi, ni kama 2, ngozi ya uso iko karibu na 5, na kwenye hiyo skeli kila ukishuka namba moja ukali unapanda mara kumi, kwa hiyo unajipaka kitu chenye ukali mara elfu moja ya ngozi yako. Na huo ukali ndo afadhali! Ndimu ina kemikali zinazoamshwa na jua, unapaka asubuhi, unapanda bodaboda, baada ya siku moja mbili uso umebabuka na ukipona linabaki baka jeusi la miezi. Yaani mtu alikuwa anafuta kidoa cha chunusi, kidoa chenyewe kilikuwa kinaondoka taratibu, kajitengenezea kikubwa zaidi.

Madaktari wanasema nunua vilivyopimwa. Sawa kabisa, tatizo krimu za kujichubua zenye zebaki na hidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania na Kenya na mtaani bado zipo, na zebaki haiishii usoni, inaenda hadi kwenye figo. Halafu mkorogo, ule mchanganyiko wa kujichubua, unakorogwa wapi kama sio nyumbani na saluni, tena kwa krimu hizohizo za dukani? Liwa haijawahi kumuahidi mtu weupe.

Jaribu kwanza nyuma ya sikio, subiri kesho. Na kama ni yale machunusi makubwa yenye usaha nenda kliniki, hapo hata liwa haifui dafu.