Pembetano si ile ya kitabuni tu

Mwambie mwanafunzi wa sekondari achore pembetano. Aghalabu atakuchorea ile ya kitabuni: pande tano zinazolingana, kipeo kimoja kimetazama juu. Sasa muoneshe ukuta wa ubavuni wa nyumba yenye paa la mgongo wa tembo, umuulize hilo ni umbo gani. Atakujibu, "Nyumba."

Simlaumu. Tumemkaririsha kanuni ya jumla ya pembe za umbo lenye pande n, (n − 2) × 180, akapata 540, akagawanya kwa 5, akaandika 108, akapewa vema. Kwamba kugawanya kwa 5 kunafaa pale tu pembe zote zinapolingana, hilo hupitwa harakaharaka. Na hiyo 540 haihitaji kukaririwa: chagua kipeo kimoja, chora milalo miwili inayotoka hapo hadi vipeo visivyopakana nacho, umbo linagawanyika kuwa pembetatu tatu. Mara 180, kazi imeisha.

Turudi ukutani. Pembe mbili za chini ni nyuzi 90 kila moja, kwa hiyo ya kileleni na mbili za mabegani zinabaki na 360. Inua paa liwe kali zaidi: ya kileleni inapungua, za mabegani zinaongezeka, jumla haitikisiki. Hapa ndipo ningetumia kipindi kizima, maana 360 ndiyo mzunguko kamili. Panga vigae vya umbo hilo safu moja, halafu safu nyingine uigeuze kichwa chini. Kila kilele kinaingia katikati ya mabega mawili bila kuacha upenyo. Ile pembetano maarufu ya kitabuni haiwezi: vigae vitatu kwenye nukta moja ni 324, zinabaki nyuzi 36, na cha nne hakiingii.

Mwaka 1968 mwanahisabati R. B. Kershner alidai amekamilisha orodha ya aina zote za pembetano mbinuko (zisizo na pembe iliyoingia ndani) zinazoweza kufunika sakafu: nane. Haikuwa kweli. Miaka ya 1970 Marjorie Rice, mama wa nyumbani wa San Diego ambaye hesabu aliishia nazo sekondari, alisoma habari hiyo jaridani akagundua aina nne mpya, tena kwa alama alizojibunia mwenyewe. Aina ya 15 ilipatikana 2015. Miaka miwili baadaye Michaël Rao, kwa msaada wa kompyuta, akatoa uthibitisho kwamba hakuna nyingine.

Ningekuwa mtunzi wa mitihani, ningeuliza: fundi ana vigae vya pembetano ambavyo pembe zake mbili zinazofuatana zina jumla ya 180. Je, vitafunika sakafu? Eleza kwa mchoro.