Ubongo wa ndege nyuki: tuuchukue ulio tayari au tuutafiti Arusha?

Mwezi wa sita nilisimama kwenye shamba la kahawa pale Tengeru, nikimtazama mwanafunzi wa uzamili akirusha ndege nyuki ya mapanga manne. Ilipovuka vilele vya miti ya kivuli, upepo wa kutoka Mlima Meru uliipiga ubavuni. Ikainama kama mtu anayesukuma mlango mzito, kisha ikatulia, lakini ilikuwa imeshatoka kwenye mstari wake. Picha za shamba zikabaki na pengo.

Je, kijana huyu amalizie miaka yake kwenye hesabu za uongozaji na udhibiti, yaani namna chombo kinavyojiongoza na kujituliza hewani, au achukue programu ya urubani iliyo tayari amhudumie mkulima?

Wanaosema achukue wana hoja nzito. Programu za urubani za ArduPilot na PX4 ni za bure, msimbo wake uko wazi, na watu wa nchi nyingi wamezinoa kwa miaka zaidi ya 10. Kichujio cha Kalman, hesabu iliyo msingi wa kuunganisha taarifa za jiroskopu (kipima mzunguko wa chombo) na GPS, kilichapishwa mwaka 1960. Mkulima anataka kujua mibuni ipi inaugua, basi. Mwaka 2018 chombo cha Wingcopter, kilichoundwa Ujerumani, kilipeleka dawa Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria, kwa dakika 40 hivi.

Ila ziwa si mlima. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo mapanga huzunguka kasi zaidi kubeba mzigo uleule, na nguvu ya akiba ya kupambana na upepo hupungua. Meru nao huukatakata upepo ukawa mizunguko. Vigezo vya kiwandani havikupangwa kwa hali hiyo.

Kwangu mimi, udhibiti wa ndani, ule wa kuzuia chombo kisipinduke, tuuache. Umetatuliwa vya kutosha. Kazi ya utafiti wa shahada iko tabaka la juu yake: kukadiria upepo kutokana na mwinamo wa chombo, na kurekebisha njia mapema. Gharama inanitia hofu kweli, maana anguko moja laweza kula muhula mzima, na kibali cha kurusha nacho kina safari yake. Lakini programu hizohizo zina mwigo wa kompyuta. Chombo kinaweza kuanguka humo mara mia bila kuvunja panga.

Jioni ile kijana alifungua kumbukumbu za safari. Pembe ya mwinamo ilikuwa imeandikwa sekunde kwa sekunde. Upepo wa Meru ulikuwamo mle, haujasomwa na mtu.