Meli Imenipita kwa Sababu za Kiusalama

Watu huachwa na meli kwa kuchelewa. Mie nimeachwa na meli hali nimewahi, tena niko kwetu, na miguu yangu yote miwili iko nchi kavu.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nishafika Malindi, bandarini kwetu Unguja, kungoja meli ya watalii niwatembeze. Nimekoga, nimenyoa, nimevaa lile shati la maua ambalo mama watoto analiita "shati la uongo", maana silivai ila siku ya kuwaeleza Wazungu kwamba mdalasini unatibu kila kitu. Nina Hiace ya kukodi, na dereva wake ni katika wale wanaoanza kuhesabu pesa tangu anapotia ufunguo. Nina vikapu vya ukili thalathini, kila kimoja kina karafuu, hiliki, kungumanga na kijipakti cha zafarani ambayo, tuwe wakweli baina yetu, ni manjano. Nina kofia za makuti arubaini nilizosuka usiku kucha. Na kofia ya kuti haina subira: leo kijani, kesho kutwa kahawia, ukimvisha mgeni anafanana na mtu aliyeokotwa ufukweni.

Saa moja, bahari tupu. Saa mbili, ngalawa mbili na jahazi. Saa tatu akatoka wakala wa meli, simu sikioni, uso kama kameza shubiri, akatwambia maneno matatu: "Sababu za kiusalama." Meli imepitiliza.

Nikageuka kuutafuta huo usalama uliokosekana. Paka wawili wamelala juu ya nyavu. Muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake. Askari anachovya andazi kwenye chai. Kama pale pana aliyekuwa hatarini, basi ni lile andazi.

Nikamfuata wakala, naye maskini kakosa chake, akanieleza mambo yanavyokwenda. Siku zote nikidhani anayeamua ni nahodha: anaweka darubini jichoni, anasema "pale pabaya, kata kushoto." Kumbe nahodha ana neno lake, lakini huko makao makuu ya kampuni kuna watu waliokaa ofisini, kazi yao ni kuogopa kwa niaba ya wenziwao, na mshahara wanapewa. Wanapokea taarifa kwa wakala wa kila bandari, wanasoma tahadhari za serikali zao, wanatega sikio watu wa bima wanasemaje, ndipo wanapiga simu. Tena tangu Julai 2004 meli na bandari za dunia nzima zina kanuni moja ya usalama yenye ngazi tatu: ya kwanza mambo ya kawaida, ya pili hatari imezidi, ya tatu shari iko mlangoni.

Hizo ngazi nilizifahamu pale pale, sikutaka kurudiwa. Kwangu ziko tangu nioe. Ngazi ya kwanza naitwa "Baba watoto". Ya pili naitwa kwa jina langu nililopewa na wazazi, lote, na la babu juu yake. Ya tatu siitwi kabisa, na nikifunua kawa nakuta sahani tupu.

Sababu nyengine ya meli kuiruka bandari ni mgomo, nao naufahamu. Meli kubwa haiingii bandarini kama mtu anavyoingia ukumbini kwake. Inataka rubani wa bandari apande aiongoze, inataka tagi za kuisukuma, inataka watu wa gatini wapokee kamba. Hao wakitia mikono mifukoni, nahodha na apige honi mpaka Chwaka isikike, haingii. Au wanagoma mabaharia wenyewe. Mwaka 2010 kule Piraeus, Ugiriki, mabaharia waliwazibia njia abiria wasipande meli inayoitwa Zenith, kwa kupinga meli za bendera za kigeni kuingia kwenye biashara yao. Fikiria, umeshafunga sanduku, umeshamuaga mama mkwe, unafika gatini unaambiwa rudi. Kurudi si tatizo. Tatizo ni mama mkwe.

Na nisiwe mtu wa kucheka kila kitu. Tarehe 18 Machi 2015, mjini Tunis, abiria walioshuka kwenye MSC Splendida na Costa Fascinosa walikwenda kutembelea makumbusho ya Bardo, wakavamiwa na watu wenye bunduki, na baadhi yao hawakurudi melini. Kampuni zile zikaifuta Tunis kwenye ratiba zao. Hapo sina neno. Mtu aliyezika hafundishwi hofu.

Lakini Malindi, jamani? Andazi?

Kinachoniuma ni huo mkataba wao. Mwaka jana nilimchukua mzee mmoja wa Kiingereza, mwanasheria mstaafu, aina ya mtu anayesoma mpaka karatasi ya peremende. Njiani kwenda kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani akanisomea masharti ya tiketi yake. Kampuni ina ruhusa ya kuiruka bandari, kuibadilisha kwa nyengine au kupunguza saa za kukaa, na abiria hana dai. Anachorudishiwa aghalabu ni ile kodi ya bandari, na mara nyingi haiji mkononi: inaingizwa kwenye hesabu yake mle mle melini, akainywe. Aliyenunua matembezi kwenye kaunta ya meli anarudishiwa chake. Aliyepatana na mtu wa nje, yaani mie, shauri yake na yangu. Na hiyo siku ya kuruka bandari wameipa jina zuri kabisa, "siku ya baharini". Bwawa linajazwa watu, muziki unapigwa, duka la melini linapunguza bei.

Siku ya baharini! Mie nina siku za baharini tangu Machi 2020, meli ziliposimama kwa korona, na hakuna hata aliyenipigia kidumbaki.

Kurasa zote zile sisi tunazo kwa neno moja: inshallah. Fundi wa kanzu, "Ijumaa inshallah." Fundi bomba, "nakuja inshallah." Hakuna anayedaiwa kitu. Nikajaribu kwa dereva wa Hiace. Nikamwambia, ndugu yangu, leo tuihesabu siku ya baharini, tutaonana safari ijayo inshallah. Akaniangalia. Akazima gari. Akateremka taratibu, akahesabu vikapu kumi, akavitia nyuma ya kiti chake, akaondoka navyo rehani. Hakusema hata neno moja. Yule angefaa kuwa nahodha.

Basi nikaenda Jaws Corner kunywa kahawa, na pale kila mtu ana sababu yake. Mmoja kasema kuna mtalii alirekodi mnada wa samaki, akairusha mtandaoni bila maelezo. Na kweli, kama hujui Kiswahili, mnada wa changu na vita vinafanana: watu wamezungukana, mmoja anapiga kelele, mwengine kainua mkono, chini kuna damu. Wa pili kasema ni mambo ya Bahari ya Shamu, kwamba tangu mwisho wa 2023 meli zinaizunguka Afrika nzima kukwepa makombora. Nikamwambia, bwana we, wanaoizunguka Afrika si ndio hasa walitakiwa wapite kwetu? Akasema hilo hakulifikiria, akaagiza kashata.

Palikuwa na babu mmoja, mwenyewe anasema mwaka 1948 alikuwa anabebwa mgongoni. Mgomo ulipotajwa tu, akagonga mkongojo. "Mgomo nyie mnaujua? Mgomo ni ule wa arubaini na nane." Tukajua hapa tutakaa. Mwezi wa Agosti mwaka huo wafanyakazi wa bandari yetu waliweka kazi chini kwa ughali wa maisha, na haukuishia gatini, ulienea mji mzima. Babu anasema zamani mchukuzi alikuwa na nguvu kwa sababu mzigo haukimbii. Ukiwa na magunia ya karafuu ghalani, meli itangoja tu, kwa sababu karafuu ikichelewa wiki inabaki karafuu. Sasa mzigo wenyewe una miguu, una simu, na una wakili. Watu elfu mbili hawangoji. Nanga inang'olewa, wanahamishiwa pwani nyengine, wanavishwa kofia za watu wengine.

Hilo lilinikaa. Mie nimejitoa kwenye karafuu nikaingia kwenye utalii nikidhani napanda cheo.

Muuza madafu akasema tusijisumbue, meli haina huruma hata kwa abiria wake wenyewe. Akatukumbusha wale wanane wa Norwegian Dawn, Machi 2024, walioshuka São Tomé wakatembea na mwenyeji wa nje, wakachelewa. Walinzi wa pwani wakawachukua kwa boti mpaka ubavuni mwa meli, wakakataliwa kupanda. Wakaikimbiza nchi kwa nchi wakaipate Gambia, na Gambia nayo meli isiingie, ati hali ya hewa na maji kupwa. Wameipata Senegal. Watu pale barazani wakacheka. Mie sikucheka, maana nilimfikiria yule mwenyeji aliyewachelewesha. Huyo ni mimi. Huyo hajapata mteja mpaka leo.

Hapo ndipo alipoingia yule muuza kahawa wa Malindi, ambaye mchana hushinda mjini. Akasikiliza, akaweka dele lake chini, akasema: "Mgomo? Si mlifanya nyie?"

Kimya.

Nikamuuliza nani nyie. Akanitajia. Wiki mbili nyuma ilikuja meli nyengine. Getini magari ya wakubwa yakaingia, sisi wa Hiace moja moja tukaambiwa tungoje nje, juani, mpaka wateja wote wamekwisha. Tukakaa chini. Dakika ishirini tu! Tulikuwa kumi na tano, na ule haukuwa mgomo, ulikuwa malalamiko ya kukaa. Nani alikuwa mbele? Sawa, nilikuwa mbele. Nani alikuwa anapiga kelele? Nilikuwa nasema kwa sauti. Sasa mimi kazi yangu ni kusuka kofia, kwa hiyo nilikuwa na mzigo wa makuti mabichi, na wenzangu kila mmoja alichukua moja ajikinge jua.

Hebu panda ghorofa ya kumi ya meli uangalie chini. Unaona nini? Wanaume kumi na tano wamezuia geti, wameshika matawi, na mbele yao kuna mmoja kavaa shati la maua, anapayuka.

Tena walitupiga picha. Nakumbuka, maana niliwapungia mkono.

Nikaomba maji. Babu ndiye pekee aliyefurahi, akanishika bega: "Umeona? Kumbe bado ipo." Kwake nimekuwa kiongozi wa wachukuzi. Kahawa akanilipia yeye, na hilo ndilo pato langu la siku.

Nyumbani sikuwa na la kusema, kwa sababu fedha za vikapu zilitoka kwenye upatu wa mama watoto. Zamu yake alikuwa kaingoja miezi tisa. Nikaingia na kofia arubaini zilizokwisha kunyauka, nikamwambia imetokea sababu ya kiusalama. Akaniuliza usalama wa nani. Nikamweleza ngazi tatu, tahadhari za serikali, kodi ya bandari inavyorudishwa. Kanisikiliza vizuri, hata nikadhani nimeokoka. Halafu akasema: "Nimefahamu. Basi na mimi leo jiko nimelipitiliza." Akachukua kanga yake akaenda kwa dadake Kikwajuni. Kodi ya bandari aliyonirudishia ni muhogo wa jana, nusu, na chumvi pembeni.

Ukidhani yameisha, kuna yule bibi wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, aliyenitumia kishika uchumba cha dola hamsini kabla hajapanda meli. Kaniandikia kwa adabu sana akiuliza kuhusu zile dola. Zile dola zilishageuka mchele na dumu la mafuta tangu wiki iliyopita, na mchele umeshageuka watoto. Nikafikiri, nikafikiri, nikamjibu: "Pole sana. Imeshindikana kwa sababu za kiusalama." Akajibu kwamba amenielewa kabisa. Hawa watu wamezoea.

Usiku, kwenye saa mbili, nikapanda darini kupunga upepo, huku nikitafuna muhogo wangu. Meli kama ile ikisharuka bandari hutembea taratibu, maana bandari ya mbele haijawa tayari kuipokea. Na kweli nikaiona, mbali huko upande wa bara, inawaka taa kama Forodhani nzima imetiwa juu ya sinia. Simu ikalia. Bibi yule yule. Ameandika yuko nje kibarazani kwake, anaona taa nyingi pwani, nzuri mno, je, ndiyo kwetu?

Moyo ukalainika. Nikaanza kumwandikia, ndiyo bibi, hapo hapo, ile ndefu ni mnara wa...

Umeme ukakatika. Mji mzima, Shangani mpaka Malindi, giza tii.

Simu ikalia tena: "Zimezimika zote! Kuna nini huko? Kuko salama?"

Nikaandika mbio mbio, vidole vina mafuta ya muhogo: "Kuko salama kabisa, bibi, ni umeme tu." Nikabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Meli ikapita kichwa cha kisiwa cha Changuu, kiduara bado kinazunguka, ndipo ukaingia ujumbe mwengine, si wake: ndugu mteja, bando lako limekwisha.