Mrithi Aliyetaka Atozwe Kodi

Marlene Engelhorn alirithi mamilioni ya yuro kutoka kwa nyanyake, aliyefariki Septemba 2022, wala hakutozwa hata senti moja ya kodi ya urithi. Nchi yao, Austria, ilishaachana na kodi hiyo mwaka wa 2008. Utajiri wenyewe ni wa zamani. Friedrich Engelhorn, mzee wa ukoo huo, alianzisha kampuni ya kemikali ya BASF mwaka wa 1865, na mwaka wa 1997 jamaa zake wakaiuzia Roche, kampuni kubwa ya Uswisi, kampuni yao ya dawa kwa takriban dola bilioni 11. Marlene wakati huo alikuwa wa umri wa chekechea.

Januari 2024 aliwaandikia barua wakazi 10,000 wa Austria waliopatikana kwa bahati nasibu. Hatimaye 50 wakachaguliwa, wakawa wanakutana Salzburg wikendi baada ya wikendi, na kufikia Juni walikuwa wamezigawa yuro milioni 25 kwa mashirika 77. Yeye hakujipa nafasi ya kuupinga uamuzi wao.

Alisifiwa kote kwa ukarimu. Lakini kabla ya hapo alikuwa akipiga kelele kwa miaka kwamba anataka atozwe kodi! Kugawa ilikuwa njia ya pili, baada ya serikali kukataa kuichukua ile ya kwanza. Watu wakaishika zawadi, dai wakaliacha.

Sisi Wakenya ugonjwa huo tunaujua. Mheshimiwa anafika kwenye harambee, bahasha inafunguliwa, kiasi kinatangazwa kwa kipaza sauti, makofi na vigelegele. Thubutu umuulize shamba lake lilitoka wapi, utaitwa mwenye wivu.

Kenya nayo ilikuwa na kodi ya mali ya marehemu tangu enzi za ukoloni, ikaifuta mwaka wa 1982. Ranchi ya maelfu ya ekari inaweza kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu bila kodi hiyo. Na kama hatimiliki ina jina la kampuni, basi kwenye sajili ya ardhi hakuna hata aliyekufa. Zimehama hisa tu. Mjane wa robo ekari ndiye anayeuona moto: barua ya chifu, wakili, tangazo katika Gazeti Rasmi, sorovea, tarehe za mahakama zinazosogezwa mwaka hadi mwaka. Ukijumlisha alichotumia na thamani ya kishamba chenyewe, utaona ni nani hasa analipia urithi katika nchi hii.

Nikisema kodi hiyo irudishwe, najua jibu linalokuja: marehemu alishalipa kodi akiwa hai, mbona atozwe mara mbili? Mshahara wake, ndiyo, ulikatwa. Lakini ardhi aliyoinunua kwa bei ya kutupa, ikapanda maradufu baada ya umma kujenga barabara ya lami mbele yake, faida hiyo haitozwi mpaka ardhi iuzwe. Na ikipita kwa warithi, haihesabiwi kuwa imeuzwa.

Kuna pingamizi zito zaidi, kwamba pesa zitaliwa. Silikatai, nasoma ripoti za Mkaguzi Mkuu kama wewe. Ila mama mboga akinunua sabuni hutozwa VAT ya asilimia 16, na sijamsikia tajiri hata mmoja akimtetea kwamba asilipe kwa sababu pesa zitaibwa. Hofu ya wizi huzuka tu mkono unapoelekea mfuko wa mwenye nacho.

Sisemi boma la mzee lipigwe mnada ili watoto walipe serikali. Kiwango cha kuanzia kiwekwe juu sana, nyumba ya familia na shamba la kulisha watu viachwe kabisa. Mimi ningeanza na ranchi zenye majina ya kampuni, na tuambiwe kwanza wenye hisa ni akina nani.