Amri ya Decius: vita dhidi ya Kanisa au zoezi la vyeti?

Tarehe 26 Juni mwaka 250, mzee wa miaka 72 katika eneo la Fayum, Misri, alipeleka ombi kwa watu waliochaguliwa kusimamia sadaka kijijini kwake. Karatasi yake ya mafunjo ipo mpaka leo. Inamtaja kuwa ni Aurelius Diogenes, mwana wa Satabous, mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia. Anaeleza kwamba siku zote amekuwa akiitolea miungu sadaka, na sasa, mbele ya wasimamizi na kwa mujibu wa amri, ametoa sadaka, amemimina kinywaji na ameonja nyama ya mnyama aliyechinjwa. Anaomba wamthibitishie hapo chini.

Vyeti vya namna hii vilivyopatikana Misri ni zaidi ya 40, vingi vikitoka kijiji cha Theadelphia, na tarehe zake ni za Juni na Julai mwaka huo. Andiko la amri yenyewe ya Decius, Kaisari wa Roma, iliyowataka raia waitolee miungu sadaka, limepotea. Ndiyo maana wanahistoria bado wanabishana: je, Decius alikusudia kulipiga Kanisa, au Wakristo walinaswa na amri iliyowahusu raia wote?

Wanaosema alikusudia wana hoja nzito. Fabian, askofu wa Roma, alikufa tarehe 20 Januari 250, miezi mitano kabla ya cheti cha Diogenes. Alexander, askofu wa Yerusalemu, alifia gerezani. Mali ya Cyprian, askofu wa Carthage (katika Tunisia ya leo), ilitaifishwa kwa tangazo lililomtaja wazi kuwa ni askofu wa Wakristo. Cyprian mwenyewe aliandika baadaye kwamba Decius angevumilia zaidi kusikia mpinzani anayegombea kiti chake cha enzi kuliko kusikia askofu mpya amewekwa Roma. Na kweli, waamini wa Roma walikaa zaidi ya mwaka mzima bila askofu, hadi Cornelius alipochaguliwa mwaka 251.

Upande wa pili unaanzia kwenye vyeti. Hakuna hata kimoja kinachomtaja Kristo au Wakristo. Zaidi ya hapo, kimojawapo ni cha Aurelia Ammonous, kuhani wa Petesouchos, mungu mamba wa mji wa Arsinoe. Mwanamke aliyeishi kwa kuhudumia hekalu hakuwa na sababu ya kushukiwa Ukristo, lakini naye alilazimika kuthibitisha kwamba ametoa sadaka. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 212 Caracalla aliwapa karibu watu huru wote wa dola uraia wa Roma, na ndiyo sababu wanakijiji wa Fayum wanaitwa Aurelius na Aurelia, jina la ukoo wa Kaisari huyo. Decius alishika madaraka mwaka 249 kwa kumshinda vitani Kaisari aliyemtangulia, Philip, huku Wagothi, watu wa kaskazini, wakiusumbua mpaka wa dola kwenye mto Danube. Kwa mtawala wa namna hiyo, kuwataka raia wote waiombe miungu kwa pamoja ilikuwa siasa ya kawaida kabisa.

Kwa maoni yangu, hoja ya upande huu wa pili ina nguvu zaidi kuhusu nia, na kinachonishawishi ni kulinganisha nyakati. Mnamo mwaka 112, gavana Pliny huko Bithynia (katika Uturuki ya leo) aliwataka washtakiwa waite miungu, watoe uvumba na divai mbele ya sanamu ya Kaisari Trajan, kisha wamlaani Kristo. Mwaka 257 Valerian aliwalenga maaskofu na mapadre, akapiga marufuku mikutano na kuingia makaburini. Roma ilijua kuandika amri dhidi ya Wakristo ilipotaka. Cheti cha Decius hakidai mtu amkane Kristo. Kwa macho ya serikali, ukishaonja nyama unaweza kurudi kwenye sala zako.

Lakini wanaovuka kutoka hapo na kusema kwamba basi hayakuwa mateso, wanakosea vibaya. Aliyekataa alifungwa, aliteswa, alihamishwa au alinyang'anywa mali. Origen, mwanateolojia maarufu, aliteswa akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 60, na hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Jambo jipya katika amri hii lilikuwa kumhesabu mtu mmojammoja. Zamani sadaka za dola zilitolewa na makuhani na viongozi kwa niaba ya mji, na Mkristo aliyekaa nyumbani siku ya sikukuu hakuonekana. Sasa kila mtu alitakiwa afike mwenyewe, kwa jina, mbele ya mashahidi wanaotia sahihi. Mwanamke mmoja wa Theadelphia, Aurelia Charis, ameacha nakala mbili za cheti kilekile, dalili kwamba mtu alibaki na yake na nyingine ikabaki kwa wasimamizi.

Utaratibu huo ulivuja mapema. Huko Carthage watu walifurika hadi jioni, na walipoambiwa warudi kesho wakasihi wahudumiwe siku ileile. Wengine walinunua cheti bila kugusa nyama, wakijiona hawajaabudu sanamu. Kanisa likajikuta na makundi matatu ya walioanguka: waliotoa sadaka ya mnyama, waliofukiza uvumba tu, na wenye cheti cha kununua. Waliokuwa gerezani kwa ajili ya imani nao wakaanza kuandika barua za kuwaombea msamaha, na Cyprian alilalamika kwamba barua moja yenye maneno "fulani na watu wake" ingeweza kuwarudisha kanisani watu 20 au 30.

Mkutano wa maaskofu huko Carthage mwaka 251 uliamua kila kesi ichunguzwe peke yake. Wenye vyeti vya kununua wangeweza kurudishwa baada ya uchunguzi. Waliotoa sadaka wabaki kwenye toba na wapokelewe wakiwa mahututi. Muda si mrefu, tishio jipya la mateso lilipoonekana, maaskofu walilegeza sharti hilo. Padre Novatian wa Roma alikataa kuwapokea walioanguka wote, hata wenye vyeti vya kununua, akawekwa kuwa askofu mpinzani wa Cornelius. Decius aliuawa vitani na Wagothi huko Abritus mwaka huohuo wa 251 na zoezi lake la vyeti likafa. Kanisa la Novatian halikufa: katika karne ya 5 bado lilikuwa na maaskofu wake Constantinople, likikataa ushirika na wale waliowapokea wenye vyeti.