Manjano, chembe za nano na saratani ya ngozi

Koroga kijiko cha manjano katika glasi ya maji, uiache kwa muda, na unga utatua chini. Utie unga huohuo katika mafuta ya moto, na sufuria nzima itageuka rangi. Hilo ndilo linalowasumbua watafiti wa saratani ya ngozi. Kurukumini, kiini cha manjano, huua seli za melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi, maabarani, lakini haiyeyuki vizuri katika maji, na ikimezwa huvunjwa na utumbo na ini kabla haijaenea mwilini. Kwa hiyo watafiti huifungasha katika chembe za nano, vifuko vya mafuta au polima (kitu kama plastiki) ambavyo mamia yake vikipangwa ndipo vinafikia unene wa unywele mmoja.

Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito. Saratani nyingi za ngozi zipo juujuu, hivyo dawa ingeweza kupakwa moja kwa moja, iwapo tu ingelipenya tabaka la seli zilizokufa. Aidha, paklitakseli, dawa ya saratani iliyotokana na gome la mti, ilihitaji kiyeyusho kilicholeta mzio mkali hadi ilipofungwa katika chembe za albumini, protini ya damu, zikaidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa saratani ya matiti. Hata hivyo, chembe hizohizo zilipolinganishwa na dakabazini, dawa ya zamani ya saratani, kwa wagonjwa wa melanoma iliyosambaa, ziliuzuia ugonjwa kwa miezi 4.8 dhidi ya 2.5, ila hazikuthibitika kurefusha maisha. Usafiri uliboreka, nguvu ya dawa ilibaki ileile.

Wala asili ya mmea si dhamana ya usalama. Ingenoli mebutati, itokanayo na utomvu wa Euphorbia peplus, ilipakwa kwenye mabaka yaletwayo na jua ili yasije yakawa saratani. Ulaya iliondolewa sokoni mwaka 2020, baada ya takwimu kuashiria kwamba saratani iliongezeka palepale ilipopakwa.

Kwa maoni yangu utafiti uendelee, kwa sharti kwamba kila chembe ipimwe dhidi ya kiini kilekile kisichofungashwa, na kwa binadamu, si kwa panya pekee. Wakati huohuo, mtoto mwenye ualbino anayetembea kutoka shule saa saba mchana anahitaji kofia pana, mikono mirefu, losheni ya jua kama ile inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, na daktari wa kukikata mapema kidonda kisichopona.