Bia ya Nazi na Harusi ya Haji

Mtalii wa kawaida hubeba krimu ya jua na dawa ya mbu. Huyu Mmarekani alibeba bia. Ana kiwanda chake kidogo cha pombe huko kwao, na alishuka hotelini kwetu Paje na chupa moja kubwa aliyoiviringisha ndani ya soksi za sufu, akaificha chumbani, akawa ananizungushia maneno kila akija kaunta: kuna kitu nataka ukionje, lakini siku yake bado.

Siku yake ikawa ndiyo siku ya harusi ya Haji.

Haji ni mwenzangu wa zamu. Nikaha ilipangwa Jambiani baada ya sala ya alasiri, na ili nisiaibishe kundi la bwana harusi, kaka yake alinipa kanzu nyeupe ya kuazima, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, pamoja na kofia ya viua. Mimi ni Mnyakyusa wa Kyela, Mkristo, kanzu sikuwahi kuvaa, ila nilipojiona kwenye kioo cha kaunta nilikaa sawa, nisiseme uongo. Saa nane na nusu nilikuwa nimeshavaa, nangoja tu wa kunipokea zamu afike, nidandie gari ya Jambiani.

Ndipo mzee akaja na soksi yake.

Akaniambia anaondoka usiku ule, kwa hiyo ni sasa au basi. Bia yenyewe ni stauti, nyeusi, asilimia 9, imetiwa kakao na nazi ya kukaangwa. Kwao hakuoti kakao wala mnazi, vyote huletwa kwa meli, ndiyo maana akaona aibebe mpaka Unguja ihukumiwe na watu wanaoijua nazi. Nikamwambia kapata pahala pake. Bibi yangu alikuwa na mikakao nyuma ya nyumba. Tukiwa watoto tulifyonza ule utando mweupe wa punje, mtamu, na punje zenyewe zikafunikwa majani ya mgomba zichachuke, ua mzima unanuka siki. Kakao niachie mimi. Upande wa nazi, nikasema, ngoja nimwite Bi Time.

Bi Time ndiye mkuu wa jiko. Pombe hajapata kuigusa na hana mpango huo. Lakini pua yake! Anapita mlangoni, sufuria limefunikwa, anakwambia nazi hii imekunwa jana. Mpishi mmoja kijana aliwahi kutia tui la kopo kwenye mchuzi wa pweza akidhani hapatikani; siku hizi anafanya kazi Nungwi.

"Kunusa si kunywa," akakata shauri Bi Time, akijifuta mikono. "Ila glasi nishikie wewe, mie siigusi. Na wewe Mbara, kanzu ya watu hiyo. Vaa aproni."

Nikavaa aproni. Kwa mbele nilikuwa salama kabisa.

Nikataka kuitia chupa kwenye friza kwanza, mzee akakataa. Bia nyeusi, alisema, hunywewa kwenye nyuzi 10 mpaka 13 hivi, ikiwa baridi sana harufu zote zinalala. Hapo tukakwama kidogo, maana kaunta yetu, na kaunta zote ninazozijua, ina bia za aina mbili: ya moto na ya baridi. Ya nyuzi 13 haina friji. Tukaiweka kwenye ndoo ya maji ya bomba, ambayo Paje mchana wa jua unaweza kuyaogeshea mtoto, na wakati tunasubiri akanipa darasa. Kwamba weusi ule hautoki kwenye chokoleti, unatoka kwenye shayiri iliyokaangwa mpaka ikageuka kahawa. Kwamba mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la kukaangia kimea bila kukiunguza, na hapo ndipo bia nyeusi za London zilipopata weusi wao wa leo. Kwamba kipo kimea kinachoitwa cha chokoleti ambacho hakina chokoleti hata chembe. Mzee alikuwa na mengi. Jambo moja tu hakulisema, nalo lingetufaa kuliko Daniel Wheeler: bia yake haikuchujwa. Hamira ilikuwa hai mle ndani, na sukari ipo. Chumba chake hakina kiyoyozi. Muda wote ule aliokuwa akitembezwa kuona kima punju Jozani, hamira ilikuwa kwenye soksi inakula na kupumua.

Nikaweka kifunguo, nikabinya.

Mlio wake sikuusikia vizuri. Nilichoona ni nguzo nyeusi inapanda. Ilinipita mbele ya uso, haikunigusa, ikaenda moja kwa moja juu, na juu kulikuwa na pangaboi, na pangaboi lilikuwa namba tano.

Pangaboi halichagui mtu. Liligawa bia ile kwa haki: Wajerumani wawili waliokuwa wakila ngisi, daftari la madeni, paka, picha ya mmiliki wa hoteli, na mgongo wangu wote kuanzia ukosi mpaka visigino. Mvua ile ilinyesha hadi nikapata akili ya kukimbilia swichi. Aproni haikupata hata tone. Bi Time naye alikuwa mkavu. Alisharudi nyuma ya mlango wa jiko kabla sijabinya, na mpaka leo hataki kusema alijuaje.

Chumba kizima kikanukia kama jiko la kashata mkesha wa Idi.

Mzee hakusikitika hata kidogo. Alinyang'anya chupa, akamimina kilichobaki, nusu glasi, akaniambia twende, onja, bado ina uhai. Nikaonja huku bia inanichuruzika shingoni. Na niseme haki yake: ilikuwa nzuri. Uchungu wa kahawa ulitangulia, ule wa buli la barazani, kisha ikaja kakao ya kweli, kavu, yenye ukali wa kuchachuka, si ule utamu wa chokoleti ya dukani. Ilikuwa nzito mdomoni. Nazi niliitafuta nisiione, mpaka nilipomeza ndipo ikapanda puani. Povu lilikuwa hakuna, na baada ya lile tuliloliona darini hilo lilinishangaza. Mzee akasema ni mafuta ya nazi, yanaua povu kwenye glasi hata ukimwaga kwa fujo namna gani.

Zamu ya Bi Time. Nikamsogezea glasi. Akanusa mara moja, akageuza uso, akafikiri.

"Imeungua."

Nikatafsiri. Mzee akasema hapana, imekaangwa, ndiyo mapishi yake.

"Mwambie kukaanga nakujua. Hii moto ulikuwa mkubwa, na aliyekuwa akikaanga alikuwa anaongea na mtu. Tena si nazi ya kukuna, ni zile chenga za paketi, zimeshakaa."

Nikatafsiri tena, nikilainisha pale pa kuongea na mtu. Mzee akanyamaza. Kisha akauliza, polepole, huyu mama amejuaje kuhusu simu? Maana kweli, nazi ikiwa ndani ya tanuri alipigiwa na binti yake, wakaongea. Akatoa daftari akaandika yote, akaomba Bi Time aipe bia nyota, kuanzia moja mpaka tano.

"Nyota za nini? Anunue mbuzi, akune mwenyewe," alisema Bi Time, akarudi kwenye samaki wake.

Saa tisa na robo. Kanzu mgongoni ilikuwa na ramani. Bi Time alinivua pale pale, akaitia kwenye beseni la sabuni na ndimu, akatangaza kwamba nguo yenye pombe haiendi kwenye nikaha ya mtu akiwa yeye yu hai. Sare zangu zilikuwa kwenye kamba, mbichi. Mzee, kwa huruma, akakimbia chumbani akaniletea fulana mpya kabisa, nyeusi, ya saizi yake, ikanifika magotini. Mbele ina picha ya nazi kubwa iliyopasuliwa. Nikashukuru, nikavaa, nikaenda mbio barabarani.

Ndani ya gari mama mmoja mwenye kikapu cha boflo akanusanusa. "Nani ana kashata humu?" Gari zima likanigeukia. Konda ndiye aliyeniambia, tena kwa sauti: "Kaka, mgongoni umechora bilauri ya bia, ujue?"

Sikujua. Glasi ya futi nzima, povu linafurika, na maneno ya Kiingereza chini yake.

Harusini, kwa hiyo, niliingia kinyumenyume. Nilisalimia wazee mmoja mmoja nikiwa nimewaelekea wote, shikamoo huku najongea ubavu ubavu mithili ya kaa, mpaka nikaupata ukuta, nikaegemea, nikaapa sitoki. Msikitini sikwenda, nilingoja barazani. Waliporudi wakaleta halua na kahawa, mtu akaniomba nipitishe sinia nyuma, nikaipitisha kwa kichwa kugeuka tu. Haji alinipungia mkono nije tupige picha, nikatikisa kichwa. Alinuna. Nilimwelewa.

Ami yake Haji akaja kukaa mkabala nami, akaikazia macho fulana. Akavuta pumzi.

"Wewe ndiye wa nazi?"

"Eeh, Ami. Nahusika nahusika na nazi."

"Nilijua. Unanukia kazi yako. Sasa sikiliza, Ijumaa tuna walima. Nataka nazi mia mbili, zisiwe koroma. Bei utaniambia kwa simu." Akanitia mkononi noti ya kutangulizia, akaufunga mkono wangu kwa mikono yake miwili, biashara imeisha.

Nikainuka kumpa heshima. Na ukuta nikausahau.

Nyuma yangu alikuwepo mwalimu wa Kiingereza wa skuli ya jirani. Nilimsikia akipaliwa na kahawa. Halafu mtoto, mwenye sauti ya kuadhini kabisa, akasema: "Babu, mgongoni kwake kuna soda inamwagika!"

Ami akaegemea pembeni, akachungulia mgongo wangu, akaitazama picha kwa makini ya mtu anayenunua.

"Hizo nazo," akasema, "niletee kreti kumi."